Kabla ya Kurusha Droni Juu ya Shamba la Shosho

Droni ilikuwa haijapita hata kilele cha mparachichi wakati shosho alipoacha maharagwe yake kwenye ungo, akasimama, akafukuzia kuku bandani, kisha akaingia nyumbani na kufunga mlango. Rafiki yangu, mwenye hiyo droni, alicheka kidogo. Mimi pia nilicheka. Tulidhani ni mambo ya wazee na mashine. Dakika tano baadaye mlango ulikuwa bado umefungwa, na mimi sikuwa nacheka tena.

Hapo ni Tetu, Nyeri, upande ambao msitu wa Nyandarua unaonekana kutoka mlangoni asubuhi kabla ukungu haujashuka. Tulikuwa tumekuja kwa kazi ndogo tu. Mjomba wangu alitaka picha ya shamba lote kutoka juu kwa sababu kuna mzozo wa mpaka na jirani, mzozo ambao ni mkubwa kuliko umri wangu. Nami nilitaka kujifunza kurusha.

Acha nikwambie ukweli mapema. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya hamu kuisha, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala za watu, nikilipwa kwa hesabu ya maneno. Kuna mteja aliyewahi kunipa kazi ya maneno elfu moja na mia tano kuhusu droni bora kwa anayeanza. Niliandika nikamaliza usiku mmoja, nikalipwa, na maishani mwangu nilikuwa sijawahi kushika droni. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa rafiki yangu anayepiga picha za harusi, na yeye ndiye aliyenipeleka Tetu.

Kwa hivyo hii ni makala ambayo ningepaswa kuiandika wakati ule. Inahusu kuchagua na kurusha droni ya kwanza yenye kamera. Lakini baada ya mlango wa shosho kufungwa siwezi tena kuiandika bila kueleza ni nani walituangalia kutoka juu kabla yetu.

*

Binadamu alianza kutamani picha kutoka juu karibu mara tu alipojua kupiga picha. Mwaka 1858, Mfaransa aliyejulikana kwa jina Nadar alipanda puto lililofungwa kwa kamba karibu na Paris, akiwa amebeba kamera na chumba chake cha giza humo humo kwenye kikapu. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa mbichi, na ilibidi uisafishe kabla dawa haijakauka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, vioo vilitoka vyeusi. Kumbe gesi iliyokuwa ikitoka mdomoni mwa puto ndiyo iliyokuwa ikiharibu dawa. Aliposhika njia ya kuziba ule mdomo, akapata picha hafifu ya kijiji. Picha hizo za kwanza zimepotea. Ya zamani zaidi iliyobaki ni ya mji wa Boston, Marekani, aliyoipiga James Wallace Black kutoka kwenye puto Oktoba 1860.

Kitu kinachonivutia kwa Nadar ni kwamba mwaka huo huo wa 1858 alikuwa ameshaandikisha haki ya uvumbuzi wake, na matumizi aliyoyataja yalikuwa ya kuchora ramani na kupima ardhi. Urembo wa picha ulikuja nyuma yake. Tangu siku ya kwanza, jicho la juu lilikuwa na macho kwenye ardhi ya mtu.

Kisha wakaja njiwa. Julius Neubronner alikuwa mwuza dawa katika mji wa Kronberg, Ujerumani, na familia yake ilikuwa na mazoea ya kutumia njiwa katika kazi ya duka. Njiwa walibeba dawa za haraka zisizozidi gramu 75. Kuanzia mwaka 1907 aliwafunga kamera ndogo kifuani, zenye saa ya kujifyatua zenyewe. Wataalamu wa haki za uvumbuzi hawakuamini kwanza kwamba njiwa anaweza kubeba kamera, mpaka akawaonyesha picha. Kwenye baadhi ya picha hizo unaona ncha za mabawa pembeni.

Mimi nikisoma habari za Neubronner nafikiria Rwanda. Mwaka 1916 hakuna ambaye angeota jambo hilo, lakini Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga hadi hospitali za vilimani. Damu inaangushwa kwa mwavuli mdogo wa karatasi, ndege inarudi ilikotoka. Mwuza dawa wa Kronberg angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

*

Kwetu Afrika Mashariki, jicho la juu liliingia kwa vita. Mwishoni mwa 1914, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya mdomo wa mto Rufiji, kati ya mikoko, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza bandarini Zanzibar. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakaleta ndege za kutua majini, wakaitafuta kutoka juu, wakaipata, na mwaka uliofuata wakaipiga picha. Julai 11, 1915 meli mbili ndogo za mizinga ziliimaliza huku rubani akiwa angani akiwaelekeza mizinga inaangukia wapi. Watu wa delta walioishi chini ya hayo yote hawatajwi sana katika vitabu vya vita hivyo.

Baada ya vita zilikuja safari za fahari. Walter Mittelholzer, rubani wa Uswisi, alipita juu ya Kilimanjaro Januari 1930 na kuipiga picha theluji yake. Martin na Osa Johnson wa Marekani walizunguka Kenya na jirani zake mwaka 1933 na 1934 kwa ndege mbili za kutua majini, moja imepakwa mistari ya punda milia, nyingine madoa ya twiga, wakipiga filamu. Ukiona leo video ya nyumbu wanavuka Mara kutoka juu, ujue mtindo huo una karibu miaka tisini. Wanyama wengi, ardhi pana, hakuna mtu.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege nyingine yenye mistari ya punda milia, wakihesabu wanyama. Januari 10, 1959 Michael alikufa pale ndege ilipogongana na tai. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Tai yule nitamrudia baadaye, kwa sababu ana somo kwa mwenye droni.

Lakini historia ya Tetu haimo katika filamu hizo. Vita vya pili vilipokwisha, Uingereza ilianzisha idara ya kupima makoloni mwaka 1946, na kikosi cha 82 cha jeshi lake la anga kikapewa kazi ya kuipiga picha Afrika. Walitumia ndege za Lancaster, zile zile za aina iliyokuwa ikibeba mabomu Ulaya, na kwa Kenya waliruka kutoka uwanja wa Eastleigh, Nairobi. Ndege inakwenda mstari mmoja mnyoofu, inageuka, inarudi sambamba, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia. Ukiziweka mbili chini ya kioo maalumu unaona vilima vinainuka. Hivyo ndivyo ramani zetu nyingi zilivyozaliwa. Na hivyo hivyo ndivyo programu za droni zinavyopima shamba leo.

Halafu ikaja hali ya hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1953 ndege ndogo za Harvard zilikuwa zikiangusha mabomu kwenye msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya, na baadaye mwaka huo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne. Nyingine zilikuwa za kupiga picha na kutafuta moshi wa jikoni msituni. Na zilikuwepo ndege ndogo za aina ya Auster zilizofungwa vipaza sauti. Zilizunguka juu ya msitu na vijiji zikitangaza kwa Kikuyu, zikiwaita wapiganaji wajisalimishe. Waingereza wenyewe waliita kazi hiyo kupiga kelele angani.

Shosho alikuwa na miaka kumi na mbili hivi.

*

Alipofungua mlango hatimaye, droni ilikuwa imezimwa na imewekwa kwenye kasha lake. Hakugomba. Aliketi, akarudia maharagwe yake, kisha akasema kwa Kikuyu kitu ambacho sikukitarajia. Alisema, "Hiyo yenu haiongei?"

Nikamwambia haiongei, inapiga picha tu.

"Ile ya zamani iliongea," akasema. "Ilijua lugha yetu. Mama yangu alituambia tukiisikia tuingie ndani, tusiangalie juu, kwa sababu anayeangalia juu anaonekana uso."

Nimeishi na shosho likizo zangu zote za utotoni na hakuwahi kunisimulia hili. Nilijua walihamishwa. Kati ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walitolewa kwenye nyumba zao za vilimani na kurundikwa katika vijiji vyenye handaki na walinzi. Nilijua pia baba yake alikuwa kizuizini. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba hata ndani ya kijiji kile, sauti ilikuwa ikitoka juu.

Na wakati watu wako kijijini na wengine wako kizuizini, ardhi ilikuwa inakatwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vilivyotawanyika viunganishwe, kila mwenye shamba apewe kipande kimoja na hati. Kupima kwa mnyororo kungechukua miaka mingi, kwa hivyo wakachukua njia ya haraka. Watu waliambiwa wapande ua kwenye mpaka, kayaba au chochote kitakachoota, ili mstari uonekane kwenye picha ya ndege. Mpimaji akachora juu ya picha. Mpaka wa zamani wa Wakikuyu ulikuwa maua ya itoka, yanayorudi kila mwaka hata ukiyafyeka. Kutoka futi elfu nyingi angani, itoka haionekani. Ua wa kayaba unaonekana.

Picha zile hazikusawazishwa kwa ajili ya miteremko, na Tetu yote ni miteremko. Ramani zilizotokana nazo zilikubalika kisheria kuwa za mpaka wa jumla, yaani zinakuonyesha shamba liko wapi na linapakana na nani, bila kukuhakikishia kila hatua. Waliokuwa kizuizini wakati wa kugawa walikuta mambo yamekwisha. Baba ya shosho alirudi akaonyeshwa kipande chake. Mzozo wa mjomba wangu na jirani unaanzia hapo, kwenye mstari wa kalamu juu ya picha iliyopigwa na ndege ambayo hakuna mtu wa hapa aliyeruhusiwa kuingia ndani yake.

*

Sasa kamera hiyo ya juu imekuwa kitu kinachoingia kwenye mfuko wa koti. Imefikaje hapa?

Jibu fupi ni simu. Vipande vinavyoifanya droni isimame hewani bila kuyumba, vya kuhisi mwinamo, mzunguko, dira na setilaiti, viliwahi kuwa ghali sana. Simu za kisasa zilivyoanza kuuzwa kwa mamilioni, vipande hivyo vikawa bei rahisi. Januari 2010 kampuni ya Parrot ya Ufaransa ilionyesha Marekani AR.Drone, iliyoendeshwa kwa simu. Ilikuwa mchezo wa watoto wakubwa.

Huko Shenzhen, China, kulikuwa na kijana, Frank Wang, aliyeianzisha DJI mwaka 2006 akiwa bado mwanafunzi Hong Kong. Kabla ya hapo alikuwa amekiacha chuo kingine huko Shanghai, jambo ambalo mimi binafsi nimelikariri. Januari 2013 kampuni yake ilitoa Phantom, nyeupe, ya propela nne, ambayo ungeitoa kwenye kasha na kuirusha siku hiyo hiyo. Kamera ulijifungia mwenyewe. Mwaka 2016 ikaja Mavic Pro ya kukunjwa. Oktoba 2019 ikaja Mavic Mini ya gramu 249.

Hiyo namba haikutoka hewani. Desemba 2015 Marekani ilitangaza kwamba droni yoyote yenye uzito unaozidi nusu ratili na kidogo, yaani gramu 250, lazima isajiliwe. Kampuni ikapunguza gramu mpaka ikabaki moja. Ni sheria ya nchi nyingine iliyochonga umbo la kadroni unakoletewa Nairobi.

Kwa hivyo, kuchagua. Rafiki yangu alinianzisha na Tello, kadroni ka gramu 80, ndani ya ukumbi wa kanisa, siku ambayo kwaya haikuwa na mazoezi. Haina setilaiti, kamera yake ni ya kawaida sana, na dakika zake 13 za hewani zinaisha kabla hujajua umefanya nini. Lakini ikigonga ukuta inaanguka, unaiokota, unaendelea. Kama hujawahi kushika rimoti, anzia na kitu cha namna hiyo, cha kuazima ukiweza. Makosa ya mwanzo ni ya lazima, bora yawe ya bei nafuu.

Ukiwa tayari kununua ya kupigia picha kweli, angalia mambo manne kabla ya kuangalia kamera. Kwanza iwe na setilaiti, ili ukiachilia vijiti ibaki ilipo, na ikipoteza mawasiliano ijue kurudi ilikoanzia. Pili iwe na gimbali, ule mkono mdogo wenye mota unaoshikilia kamera isitikisike. Droni nyingi za bei ya kutupa mjini zimeandikwa namba kubwa za picha kwenye kasha na hazina gimbali, na video yake inatikisika kama imepigwa ukiwa umening'inia mlangoni mwa matatu. Tatu ni betri. Ile ya rafiki yangu, Mini 2 SE, imeandikwa dakika 31, lakini hizo ni dakika za mahali pasipo na upepo, mpaka tone la mwisho. Hesabu ishirini, na ununue betri ya pili. Nne ni vipuri. Uliza propela zake zinapatikana wapi kabla hujalipa, kwa sababu propela utavunja.

Ukinunua mtumba, ombwa lisiwe la haya. Itazame betri kama imevimba. Kama imevimba, usiiguse. Hakikisha muuzaji ameitoa kwenye akaunti yake mbele yako. Iwashe, irushe hadi kifuani, uiache. Ikianza kuzunguka yenyewe kama kuku aliyegongwa, rudisha pesa mfukoni.

*

Halafu kuna sheria, na hapa watu wengi wanalia. Kwa miaka mingi kurusha droni Kenya kulikuwa kama hakuruhusiwi hivi. Kanuni zilitangazwa mwaka 2017, Bunge likazifuta mwaka uliofuata kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Nyingine zikaja 2020 na ndizo tunazotumia. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Unahitaji kibali kabla ya kuingiza droni nchini, unahitaji kuisajili, mwenye kumiliki awe ametimiza miaka 18, na kimo kisizidi futi 400, ambazo ni mita 120 hivi. Usikae karibu na viwanja vya ndege. Usirushe usiku bila ruhusa. Usidhani zile gramu 249 zitakuokoa, hizo ni hesabu za Marekani. Watu wameinunua ng'ambo kwa raha zao na ikabaki kwa forodha. Usiwe wao. Na kuanzia 2019 tuna sheria ya kulinda data, kwa hivyo uso wa mtu na boma lake si mali yako kwa kuwa tu umepita juu.

Nimesikia vijana wenzangu wakisema kanuni hizi ni za kutuzuia. Zingine zinachosha kweli, na makaratasi yana gharama. Lakini baada ya Tetu sisemi tena kwamba hakuna haja yake. Katika vijiji vyetu kuna watu wanaojua maana ya kutazamwa bila kuulizwa.

Na si kwamba jicho la juu lazima liwe la serikali au la mgeni. Kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na waliorusha walikuwa pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu chao cha taifa waliofundishwa kazi hiyo. Ramani ikatoka kwa wenyewe. Hilo linawezekana.

*

Tulirusha tena siku ya pili, na safari hii shosho alikaa nje. Tulimwambia kabla. Nilimwonyesha rimoti, nikamwambia nikiachilia vijiti inasimama. Akataka kujua ikianguka inaangukia nani.

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusoma kwenye makala za droni, pamoja na ile yangu.

Kurusha huku juu kuna mambo yake. Tetu iko kama mita elfu mbili juu ya bahari, hewa ni nyepesi, propela zinazunguka kwa nguvu zaidi kubeba uzito ule ule, na betri inaisha upesi. Asubuhi ya baridi betri inachoka hata haijaanza, kwa hivyo rafiki yangu huziweka ndani ya koti. Subiri ukungu upande. Weka droni mbali na mabati na chuma ili dira isichanganyikiwe. Usipae mpaka ikwambie imepata setilaiti za kutosha na imehifadhi mahali ilipoanzia, la sivyo siku ikisema inarudi nyumbani, nyumbani hapo hapajulikani. Kimo cha kurudia kiweke juu ya mkaratusi mrefu kuliko yote unaouona, kwa sababu ikirudi yenyewe inakuja moja kwa moja. Nyaya za stima hazionekani kwenye skrini. Zitafute kwa macho kabla hujapaa.

Anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili kurudi kuwe rahisi betri ikiwa imepungua. Ikibaki asilimia thelathini, rudi, hata kama picha ni tamu. Na angalia ndege. Nilipokuwa mita sitini hivi, mwewe alikuja, akazunguka mara moja, akazunguka tena karibu zaidi. Rafiki yangu akaniambia nipande juu wima, maana mwewe hushambulia kwa kushuka. Nikapanda. Akaondoka. Nilimkumbuka Michael Grzimek na mikono yangu ikatoka jasho. Kisha tukatua na kungoja nusu saa, kwa sababu anga ile ni ya mwewe kwanza.

Tuliporusha tena nilipiga picha ya shamba lote, mistari sambamba, kila picha ikiingiliana na nyingine, kama wale wa Lancaster. Nikamletea shosho skrini chini ya mparachichi ili jua lisimuumize macho. Alichukua muda. Mtu anayeijua ardhi kwa miguu hupata shida kuitambua kutoka juu. Halafu akaona paa la jikoni lake, na kutoka hapo akaanza kutembea kwa kidole. Njia ya mtoni. Mgumo uliokatwa. Mahali palipokuwa na kijiji cha handaki, ambapo sasa ni chai ya watu watatu tofauti. Kidole kikavuka ua wa kayaba, kikaingia kwa jirani, kikasimama kwenye kona yenye majani ya kijani kilichokolea, ambapo mimi sikuona kitu.

"Itoka," akasema. "Zimo bado."

Mjomba alirukia hapo hapo. Alitaka picha hiyo ichapishwe kubwa, ipelekwe kwa chifu, kwa wakili, popote. Rafiki yangu ikabidi amweleze kwamba picha yetu si upimaji. Droni ya aina hii inaweza kukosea kwa mita kadhaa inapokwambia iko wapi, na mbele ya sheria mpaka huamuliwa na msajili wa ardhi na mpimaji aliyeidhinishwa, wakifika chini hapa wenyewe. Mjomba hakufurahi. Alikuwa amengoja miaka mingi kupata jicho lake mwenyewe la juu, na sasa anaambiwa halitoshi.

Shosho hakusema neno kuhusu wakili. Aliuliza kama jirani anajua tumepita juu ya kwake.

Hatukuwa tumemwambia.

Akaifunika maharagwe yake kwa kitambaa, akachukua fimbo, akaniambia nibebe hicho kioo nimfuate. Tulizunguka kwa njia ya chini, kwa sababu ua wa kayaba hauna mlango. Jirani, mzee wa makamo ya shosho, alikuwa ameketi nje na redio. Shosho alimwambia kwamba mjukuu wake amepiga picha boma lake bila kuuliza, na kwamba amemleta aseme mwenyewe.

Nikasema. Mzee akazima redio, akasema na yeye jana aliingia ndani aliposikia ile sauti. Kisha akavuta kiti karibu, akaomba kuona.